Nimewapa "utafiti", wakaniletea sura ya kitabu. Nianzie wapi?

Swali: "Mkufunzi, shikamoo. Nafundisha Jiografia katika shule ya kata, Kidato cha Pili, wanafunzi 74 kwenye mkondo mmoja. Muhula uliopita nilichoka kuandika notisi ubaoni, nikawapa kazi mradi: wafanye utafiti kuhusu uharibifu wa mazingira, wiki tatu, kurasa nne. Nilirudishiwa kazi 74, na kati ya hizo 31 zimefanana mpaka makosa ya tahajia. Nikaja kugundua kuna kijana wa steshonari pale stendi aliyewachapia wote kwa mia tano mia tano. Maktaba yetu ni kabati moja lenye kufuli, na intaneti ni simu yangu. Wenzangu ofisini wananicheka. Niambie ukweli: kufundisha utafiti kwa njia ya udadisi kunawezekana kwetu, au ni mambo ya shule za wenye nazo? Na hawa 31 niwafanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Hao 31 waache kidogo, nitawarudia. Tuanze na maneno matatu uliyowapa: "uharibifu wa mazingira". Hicho ni kichwa cha sura, na mtoto ukimpa kichwa cha sura atakuletea sura. Sura yenyewe imeshaandikwa na mtu mwingine zamani, kwa hiyo kilichobaki ni kuihamisha kutoka karatasi moja kwenda nyingine, kazi ambayo kijana wa steshonari anaifanya haraka na kwa bei nafuu. Usinikasirikie. Kosa hilo nililifanya miaka mingi kabla yako, na kazi nilizokusanya nilizipa alama nzuri.

Swali la kumfundishia mtoto utafiti ni lile ambalo jibu lake halimo ndani ya kabati lenu hata mkilifungua, lakini anaweza kulifikia kwa macho, miguu na kamba. Tofauti yote iko hapo, na haina uhusiano na shule kuwa ya wenye nazo. Shule nyingi nilizotembelea za maeneo ya miinuko zina korongo nyuma ya vyoo au pembeni ya uwanja wa mpira. Linapanuka? Kiasi gani, kila mvua kubwa ikinyesha? Hakuna stendi inayouza jibu la hilo.

Wanaokucheka ofisini wakumbushe kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friza. Nafasi zilikuwa za kugombania. Mpemba alipoona zinaisha akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado yalikuwa majimaji mazito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganya mambo. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kuwa hata wao huweka ya moto, maana huganda upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likapata utani wa kumchekea. Hakuacha. Alipoona maabara ya baiolojia iko wazi akachukua bika mbili za mililita 50, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya shule na kumuuliza swali lilelile, safari hii akitaja ujazo ulio sawa pamoja na nyuzijoto za kila chombo. Osborne hakujua jibu, ila aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza na joto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza, Physics Education.

Naisimulia ndefu kwa sababu hatua zote za utafiti zimo, na hakuna hata moja iliyohitaji maktaba. Aliona jambo kwa macho yake. Aliwauliza wanaolifanya kila siku. Alilibana swali mpaka likapimika, kutoka "maziwa yangu yameganda" hadi ujazo ulio sawa pamoja na nyuzijoto zilizotajwa. Akarudia. Kilichokosekana ni mwalimu wa kumwambia "haya, turudie tuone". Na kisa hakiishii hapo: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kupitia vipimo vya wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda kabla ya yale ya baridi, na kwamba hata mahali kipimajoto kilipowekwa ndani ya chombo panaweza kuleta tofauti ya kudanganya. Mjadala haujafungwa. Waambie wanafunzi sehemu hii pia, wasije wakadhani kisa kinafundisha kwamba mtoto huwa sahihi na mwalimu huwa mjinga.

Lakini usinielewe kwamba uwape swali zuri kisha uwaache. Mwaka 2006 wataalamu watatu wa elimu, Kirschner, Sweller na Clark, waliandika makala kali wakidai kwamba kumwacha mwanafunzi mgeni avumbue mwenyewe bila mwongozo kunamjaza kichwa na hakumfundishi. Mwaka uliofuata Hmelo-Silver, Duncan na Chinn wakajibu kwamba udadisi unaofundishwa vizuri umejaa mwongozo, na wale wenzao wamechanganya vitu viwili. Mimi nakubali onyo la kwanza na jibu la pili. Wiki tatu ulizowapa watoto bila kukutana nao katikati ndizo hasa wale watatu wa kwanza walizokuwa wakizilalamikia.

Wataalamu wengine wa elimu, Banchi na Bell, mwaka 2008 waliupanga udadisi katika ngazi nne. Ya kwanza, mwalimu anatoa swali, njia, na jibu linajulikana. Mtoto anathibitisha tu. Ya pili, swali na njia ni vya mwalimu, jibu halijulikani. Ya tatu, swali ni la mwalimu, njia ni ya wanafunzi. Ya nne, vyote ni vyao. Wewe uliwarusha ngazi ya nne siku ya kwanza, tena bila ngazi. Kaa nao kwenye ya pili muhula mzima, uguse ya tatu mwishoni. Ya nne itafika yenyewe kwa watoto watano au sita, nao hao utawaona wanakufuata hadi mlango wa ofisi.

Nikuonyeshe kwa karibu. Niliwahi kukaa na darasa moja la Kidato cha Pili, watoto 68, shule ya milimani yenye korongo la aina hiyo. Kipindi cha kwanza mwalimu aliwatoa nje, akawasimamisha ukingoni, akawaambia kila kundi liandike maswali mengi kadiri liwezavyo kwa dakika kumi. Masharti yalikuwa mawili: hakuna kujibu, hakuna kulicheka swali la mtu. Dakika tatu za mwanzo hakuna aliyeandika kitu. Walikuwa wakimtazama usoni wajue anataka nini, naye, Mungu ambariki, akanyamaza akatazama mlima. Kisha yakaanza kutoka. Maji haya yanatoka wapi? Mbona upande wa juu una nyasi? Jiko la shule litaanguka lini? Nani alichimba? Yalifika arobaini na kitu. Waliporudi darasani wakayachambua: lipi linajibiwa kwa kupima, lipi kwa kuwauliza watu, lipi kwa kusoma, na lipi hatuliwezi. Kazi hii ya kuchambua walimu wengi huiruka ili wawahi "utafiti wenyewe", na mimi nikilazimishwa kubaki na kipindi kimoja tu kati ya vyote, ningebaki na hiki.

Likabaki swali moja: ukingo unasogea kiasi gani mvua ikinyesha? Wakapigilia vigingi sita vya mti, kila kimoja hatua mbili hivi nyuma ya ukingo ili ukiporomoka kisiende nao, wakavipa namba. Kazi ni kupima umbali kutoka kigingi hadi ukingoni. Ukipungua, korongo limekula ardhi.

Mwalimu alikuwa mjanja. Makundi mawili aliyapa kigingi kilekile, kwa nyakati tofauti, bila kuyaambia. Moja likaja na sentimita 142, jingine 151. Zikazuka kelele, kila kundi linaapa kwamba wenzao hawajui kushika kamba. Akawarudisha wote pale, akasema kila kundi lionyeshe kwa kidole lilipoishia. Hawa waliishia pale nyasi zinapokatika, wale pale udongo unapoanza kuinama. Kumbe kabla ya kulipima korongo ilibidi wakubaliane korongo linaanzia wapi! Walibishana karibu nusu ya kipindi, wakaafikiana: laza ubao ulionyooka juu ya ardhi, pale unapoacha kugusa udongo ndipo ukingo. Sheria hiyo ikaandikwa ukurasa wa kwanza wa kaunta buku la kila kundi. Wakapima tena, wakapata 146 na 147.

Hapo kiongozi wa kundi moja akataka wote waandike 146, "ili ipendeze". Mwalimu akamwambia aandike alichopima. Siku hiyo ndipo nilipowasimulia yule fundi wa maabara wa Dar es Salaam, na walicheka kwa sababu walikuwa wamejiona.

Baada ya mvua ya usiku mmoja wa mwezi wa nne, kigingi namba nne kilitoka 139 hadi 118. Namba moja hakikubadilika hata nukta. Msichana mmoja, ambaye kwa wiki mbili sikuwa nimesikia sauti yake, ndiye aliyeuliza kwa nini. Akainua macho, akaonyesha bati la jiko lisilo na gata: maji yote ya paa yanamwagika mkabala na namba nne. Likawa swali la pili la utafiti, na halikutoka kwa mwalimu.

Kwa wanafunzi 74 fuata mpango huohuo, yaani swali moja kwa wote, makundi ya watu sita, kila kundi na mahali pake. Usijaribu makundi kumi na mawili yenye maswali kumi na mawili. Utachoka kabla ya Ijumaa. Kama huna korongo, una kitu kingine. Kuna foleni ya ndoo bombani asubuhi na jioni, kuna mti mmoja wenye kivuli na mmoja usio nacho, kuna bei ya nyanya gengeni kila Jumatatu kwa wiki nane.

Sasa kusoma, maana kupima peke yake hakutoshi. Hapa ndipo unakili unapozaliwa, na nadhani unatokana na kitu kidogo kuliko uvivu: mtoto anaandika huku kitabu kiko wazi mbele yake. Atakwepaje maneno yake? Wazoeze mpangilio huu mpaka uwe kama wimbo: soma aya, funga kitabu, mwambie jirani ulichoelewa, ndipo uandike. Pembeni aandike alikokipata. Watoto waliopita madrasa wana faida hapa. Wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi bila isnadi, mlolongo wa waliopokezana hadi kumfikia aliyesikia kwa masikio yake. Niliwahi kuona mwalimu akifundisha utajaji wa vyanzo kwa neno hilo moja, na darasa zima, Waislamu na Wakristo, likawa linadaiana isnadi hadi kwenye umbea wa bwenini.

Simu yako moja inatosha. Usiwape waifungue. Chagua vifungu vitatu vifupi juu ya jambo moja, tuseme miti inayofaa kuzuia mmomonyoko: kimoja cha kitabu cha kiada, kimoja cha gazeti, kimoja ujumbe unaosambaa WhatsApp. Viandike kwenye bango kitita. Waulize nani anasema, amejuaje, na wengine wanasemaje. Hilo la tatu ndilo zito. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, Wineburg na McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hichohicho, wapime kama tovuti fulani ni za kuaminika. Wengi wa wanahistoria na wanafunzi walikaa ndani ya ukurasa wakiuchunguza, wakivutiwa na nembo na mwonekano wake. Wahakiki waliondoka karibu mara moja, wakaenda kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa huo, nao ndio waliogundua ukweli upesi. Sisi tuna mazoea hayo tayari. Mtu akileta posa, humkalishi sebuleni ukamkagua viatu. Unatuma watu kwao wakaulize.

Na akili bandia? Itakuandikia kurasa nne za uharibifu wa mazingira bila hata mia tano ya steshonari. Ila umbali wa kigingi namba nne haiujui.

Kuna jambo la kukuandaa. Carol Kuhlthau, aliyechunguza kwa miaka mingi wanafunzi wakitafuta taarifa, alieleza kwamba hisia hupanda na kushuka: wasiwasi mwanzoni, matumaini wakishachagua mada, halafu katikati, wanapokusanya vitu visivyokubaliana, huja mkanganyiko na shaka. Hapo katikati ndipo mtoto anakimbilia stendi. Kwa hiyo wiki ya pili usiwe ofisini. Pita kila kundi, dakika tatu tatu, uliza swali moja: "Mna nini ambacho wiki iliyopita hamkuwa nacho?"

Kama watawahoji wazee, waandae kabla hawajatoka getini. Nimesikia mwanafunzi akimuuliza babu wa watu, "Mzee, si kweli kwamba zamani misitu ilikuwa mingi?" Mzee akajibu ndiyo, mjukuu wangu, na mahojiano yakaisha. Mfundishe aulize hivi: "Ulipokuwa na umri wangu, kuni mlikuwa mkiokota wapi?" Mzee atanyoosha mkono, atataja mahali, atahesabu vijito, na mtoto atarudi na kitu cha kuweka kwenye ramani. Waombe ruhusa, waeleze ni kazi ya shule, na wasiandike jina la mtu kama hajakubali.

Muda najua huna. Vipindi vitano kwa muhula vinatosha, na dakika kumi za kupima baada ya mvua. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inataka umahiri, kwa hiyo mkaguzi akikukuta ukingoni mwa korongo mwonyeshe azimio la kazi bila woga. Sitakudanganya kwamba kila mada inafundishwa hivi. Majira ya mwaka na mzunguko wa dunia nenda nayo ubaoni, eleza vizuri, endelea.

Katika kusahihisha, acha kuipima ile karatasi ya mwisho peke yake. Sehemu kubwa ya alama iweke kwenye kaunta buku: maswali ya siku ya kwanza, vipimo vyenye tarehe, mahali walipokosea na kufuta kwa mstari mmoja badala ya kuchana ukurasa. Kisha chagua mtoto yeyote wa kundi, si kiongozi, umwambie: "Hii 118 ilitokeaje?" Aliyekuwepo atakusimulia hata matope yalivyoshika viatu. Ambaye hakuwepo utamjua kabla hajamaliza sentensi.

Sasa wale 31. Usiwachape, na usiwape sifuri. Warudishie karatasi zao pamoja na kalamu nyekundu, dakika ishirini, kila mtu apigie mstari sentensi anazoweza kuzieleza mbele ya darasa kwa maneno yake. Wengi watapigia mbili au tatu. Waambie wazikate hizo, wazibandike kwenye ukurasa mpya, na chini ya kila moja waandike swali moja ambalo wangeweza kwenda kuliangalia wenyewe, hapo shuleni au njiani kurudi nyumbani. Zikusanye, zisome usiku, utafute lile moja linalopimika kwa kamba. Muhula ujao anza nalo, na useme mbele ya wote ni la nani.